Kwa Somo: Nimeonyesha muvi, nusu wanadai hela yao na nusu wanalala taa ikiwaka

Shikamoo Somo,

Naomba jina langu usilitoe maana hapa Mtwara mjini kila mtu anamjua mwenzake na kesi nilizonazo zinanitosha. Nina miaka 26, naendesha kibanda umiza, sio changu kabisa ni cha mjomba ila yeye siku hizi muda mwingi yuko kwenye mikorosho yake Nanyamba kwa hiyo funguo ninazo mimi na hesabu tunapiga mwisho wa mwezi. Siku za mpira hatuna shida, siku ambazo hamna mpira tunaweka muvi zilizotafsiriwa, kiingilio jero.

Sasa kuna wiki ligi ilisimama kupisha timu za taifa, kibanda kikapooza siku tatu mfululizo, nikasema ngoja nitafute kitu cha kuwaamsha watu. Kuna muvi inaitwa Skinamarink, nilishaiona peke yangu usiku kwenye simu, vidude masikioni, na Somo sikufichi sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe. Kama hujaiona ni hivi, kuna watoto wawili, wa kiume ana miaka minne dada yake sita, wanaamka usiku baba yao hawamuoni afu milango na madirisha ya nyumba yanaanza kupotea. Basi hiyo ndio stori. Hamna zombi, hamna mtu mwenye panga, sura za watu karibu muvi nzima huzioni, kamera inaangalia kona ya dari, zulia, miguu ya mtoto, tivii inayoonyesha katuni za kizamani, na giza, giza lenyewe lina chengachenga kiasi kwamba ukikodoa macho unaanza kuona vitu ambavyo hujui vipo kwenye muvi au unavitengeneza mwenyewe. Saa nzima na dakika arobaini ni hivyohivyo.

Nikaandika ubaoni kwa chaki nyekundu LEO SAA 2 USIKU MUVI YA KUTISHA KULIKO ZOTE DUNIANI, MWENYE PRESHA ABAKI KWAKE. Wakaja watu 43. Siku isiyo na mpira nikipata ishirini nashukuru Mungu.

Dakika kumi za kwanza kimya, watu wanasubiri. Afu ikaanza. "We dogo spika zako mbovu", kwa sababu ile muvi ina mvumo kama redio iliyopoteza stesheni, wameitengeneza hivyo makusudi ila nani atakuelewa. "Kopi gani hii, imetoka kwenye maji?" "Mpiga kamera kalala jamani mwamsheni." Mama anayeuza ming'oko mlangoni akauliza hivi huu ukuta mnauangalia mpaka saa ngapi, kibanda kizima kikaangua kicheko, na mimi nikaanza kupata hasira kimoyomoyo.

Walianza kutoka watano, kufika nusu saa wametimia 17, wamesimama nje wanadai hela yao na mmoja kashaanza kupiga bati kwa ngumi. Waliobaki 26, wengine kweli walilala nisidanganye, ila wengine Somo walikaa kama wamegandishwa. Kuna sehemu mtoto anaambiwa aangalie chini ya kitanda. Pale nilisikia feni peke yake. Jamaa mmoja wa bodaboda, mtu wa kifua, pale kijiweni kwao wanamwogopa, akanyanyuka taratibu akatoka akaenda kukaa kwenye pikipiki yake, hakuwasha, hakuondoka, kumbe anamsubiri jirani yake amalize waende pamoja. Mkewe kamwambia mama yangu mpaka leo taa ya chumbani haizimwi.

Ndio yakaanza majanga. Wale 17 mpaka leo kila wakinipita "jero yetu vipi". Mimi naona nisirudishe kwa sababu muvi nimeionyesha, kama hujaipenda hilo ni lako, mbona ukija kuangalia timu yako ikafungwa tatu huji kudai.

La pili ndilo linaloniuma. Kuna mtoto wa jirani, wa kike, miaka 11, katumwa mafuta ya kula dukani akapitia nyuma ya kibanda kuna tundu kwenye bati, akachungulia, na alichungulia muda mrefu. Tangu siku ile hataki kwenda chooni usiku, choo chao cha nje, na kila akitaka kulala anamuuliza mama yake "mlango upo?" Mama yake alinifuata kibandani katikati ya mechi, mbele ya watu, akasema nimewaletea mashetani mtaani. Kuanzia hapo ikawa mimi Frimasoni, eti nimepewa hela niwaonyeshe watu ile muvi wachukuliwe nyota zao. Mteja mmoja wa siku zote kahamia kibanda cha upande wa pili.

La tatu, mshikaji wangu anayeniwekea muvi kwenye flashi. Yeye anasema ile ni takataka, hata mwanae akipewa simu anaweza kurekodi dari. Tukabishana kijiweni, mimi nikamwambia nyie mmezoea kutafuniwa, bila DJ wa kuwatafsiria na kuwaelezea akili zenu haziwezi kuelewa kitu. Watu wakashangilia. Hajaniletea muvi mpya wiki ya tatu sasa. Na mjomba kasikia huko huko Nanyamba, kasema mnada wa korosho ukiisha anashuka kuchukua funguo.

Kuna kitu kingine sijamwambia mtu. Nilivyokuwa na miaka sita, dada yangu tisa, kuna usiku wazazi walibaki shamba, sijui gari liliharibika sijui nini, tukalala wawili tu, koroboi ikaisha mafuta tukaingia chini ya meza mpaka alfajiri. Ile muvi ilinirudisha chini ya ile meza kabisa, mpaka harufu ya koroboi. Nikampigia dada yuko Dar nikamuuliza unakumbuka, akacheka, akasema anakumbuka vizuri sana na kwamba ule ndio usiku tuliocheka kuliko usiku wowote. Nikabaki nimeduwaa na simu.

Sasa nakuuliza, nirudishe hela? Nina tatizo kichwani mimi, kupenda kitu ambacho kimemnyima mtoto usingizi? Na wapo kama watano wananiuliza pembeni kwa sauti ya chini, "utaiweka tena lini?" Niwajibu nini.

Kijana wa Kibanda, Mtwara

*

Marahaba mwanangu,

Kabla sijakujibu nilimwambia mjukuu wangu anitafutie hiyo muvi, maana sipendi kuamua kesi ya mtu nisiyemsikia. Nimeiangalia mara mbili.

Mara ya kwanza mchana, sebuleni kwangu hapa Lindi, wageni wanaingia wanatoka, jikoni kuna samaki, kuku wamepita mara mbili katikati ya simu na mimi. Nikalala. Nikashtuka nikakuta ukuta uleule. Nikasema huyu mtoto wa watu kanimalizia bando bure, na jibu lako nilishaanza kulipanga kichwani, lilikuwa kali, lilianza na neno rudisha. Mara ya pili usiku umeme umekatika, niko ndani ya chandarua, sauti nimeiweka chini. Ilipofika hapo chini ya kitanda niliizima. Mimi ni mtu mzima, nimezika mume, nimelala mwenyewe kwenye kibanda cha shamba nguruwe pori wanakoroma nje, na niliizima. Nikasoma ninachosomaga, nikainuka nikaenda kushika mlango wa mbele kwa mkono. Ulikuwepo.

Kwa hiyo mimi ni mmoja wa wale 17 na mimi huyohuyo ni yule wa bodaboda, mtu mmoja muvi moja, tofauti ni kuku na chandarua.

Huyo aliyeitengeneza ni Mkanada, anaitwa Kyle Edward Ball. Kabla ya muvi alikuwa na chaneli YouTube, anaomba watu wamwandikie ndoto zao mbaya yeye anazirekodi vipande vifupi vifupi, na akaona kuna ndoto moja inarudi sana, mtu ni mtoto, yuko nyumbani, wazazi hawapo, na kuna kitu. Akaenda nyumbani kwa wazazi wake, mji wa Edmonton, kwenye nyumba aliyokulia, akairekodi humo humo. Bajeti dola 15,000, milioni thelathini na kitu za kwetu, huko kwenye muvi hiyo ni hela ya chai. Ilivyoingia kwenye majumba ya sinema Marekani Januari 2023 ilikusanya zaidi ya dola milioni mbili. Na huko nako, kwenye viti vya sponji na viyoyozi, watu waligawanyika hivyohivyo, wako waliosema hawajawahi kuona kitu cha kutisha vile na wako waliosema wameibiwa muda wao. Uliipata wapi wewe sitaki kujua, ila nikwambie tu hata huko ilivuja mtandaoni kabla ya siku yake, na waliovujishiwa ndio waliosambaza sifa zake.

Nimekuelezea yote hayo ili ile kauli yako ya kijiweni ikuchome kidogo. Ulimwambia mwenzio akili zao haziwezi kuelewa kitu bila DJ. Je na Mmarekani aliyetoka nusu saa, naye alikuwa anasubiri DJ?

Tena nikutetee DJ mwenyewe, maana umemsema vibaya na ndiye anayekulisha. Sisi tuliokuwepo enzi za Lufufu, yule DJ mtafsiri wa muvi, tunajua, mtu alikuwa analipa kusikia ile sauti kuliko hata hiyo picha. Muvi ya kutisha iliyotafsiriwa, hata iwe na damu mpaka kwenye viatu, kuna binadamu kakaa pembeni yako anakwambia "sasa huyu dada hajui kwamba nyuma yake", anakushika mkono. Na muvi zetu wenyewe za kutisha, Nsyuka ya Mussa Banzi na zilizofuata, kinachotisha unakiona, kina sura, unajua adui yako ni nani. Watu wako 43 walikuja na mazoea hayo yote, wakawekewa muvi isiyo na sura, isiyo na maneno mengi, hamna wa kuwashika mkono, wamebanana kwenye mabenchi, ming'oko inatafunwa, joto la Mtwara, bati linatoa mlio. Unataka waone giza? Giza gani na mlango wako wa kuingilia haufungi, nina uhakika haufungi, vibanda umiza vyote haufungi.

Halafu ubao. Mimi kosa lako kubwa naliona kwenye ile chaki nyekundu. "Muvi ya kutisha kuliko zote duniani." Kwa mteja wa kibanda umiza kutisha maana yake mtu anakimbizwa, kuna kelele, kuna damu, mwishoni mmoja anabaki. Wewe ulikuwa na muvi ya watoto wawili na ukuta, na ulikuwa unajua kwa sababu ulishaiona, ukawaandikia kitu kingine ili kibanda kijae. Kibanda kikajaa. Wale 17 walilipia ubao, hawakulipia Skinamarink, na kilichoandikwa ubaoni hawakukiona. Huo mfano wako wa timu kufungwa tatu haufanani, mtu akija kuangalia mpira ukamwekea mpira, afungwe sita afungwe kumi, umempa alichofuata.

Rudisha. 17 mara jero ni 8,500. Kwa ajili ya 8,500 unaenda kupoteza kibanda cha mjomba wako? Na usiwarudishie mmoja mmoja kwa kujificha kama mtu anayelipa deni la pombe, waambie wote waje siku moja, atakayetaka hela apewe hela, atakayetaka kuingia mechi ya Jumamosi aingie, na uwaambie kwa mdomo wako kwamba ubao ulidanganya. Wale 26 waliobaki usiwarudishie hata senti, hata waliolala. Aliyelala alipata usingizi.

Sasa mtoto. Hili ningelianza ila nilitaka hasira zangu zipungue.

Umesema amechungulia kwenye tundu. Mwanangu watu 43 waliingia humo ndani wakiwa na wenzao, wakaogopa kwa pamoja na kucheka kwa pamoja, yule wa bodaboda hakuwa tayari hata kuendesha pikipiki peke yake. Huyu binti alikuwa mwenyewe, gizani, nyuma ya bati, chupa ya mafuta mkononi, na asingeweza kumwambia mtu kwa sababu alikotumwa sio huko. Yeye kaiona kama ulivyoiona wewe, peke yako na vidude masikioni. Ndio maana nyie wawili ndio iliyowaganda zaidi.

Mama yangu alikuwa mtu wa Newala. Nilikuwa mdogo nikapelekwa huko wakati vijana wanatoka jandoni, ikachezwa midimu, wewe kwenu wanaweza kuwa wanasema mapiko. Yule aliyevaa kinyago mwili mzima umefungwa nguo, huoni hata kipande cha ngozi, na sisi wanawake na watoto tumeambiwa yule sio mtu, ametoka kwa wafu. Anatukimbilia. Shangazi yangu alilia machozi ya kweli. Bibi yangu alikuwa anakimbia huku anacheka, kashika kanga isivuke, na baadaye sana nikiwa mtu mzima aliniambia alikuwa anaujua ule mwendo, ni mwendo wa shemeji yake, ila hata ukijua lazima ukimbie. Kinyago kimoja, huyu analia huyu anacheka. Lakini mimi pale nilikuwa nimebanwa katikati ya mapaja ya watu watano, kuna ngoma, kuna moto, kuna uji unaningoja, na nikilia kuna mtu wa kunibeba. Binti wa watu alipewa kinyago bila ngoma.

Kwa hiyo unaenda kwao. Usiende peke yako na usiende mikono mitupu, mchukue mama yako au shangazi, mwende saa kumi jioni, sukari kilo mbili na mafuta ya kula, mafuta usisahau. Unamwomba radhi mama mtu kwanza, kisha mtoto, naye muombe kwa heshima kama mtu mzima. Usimwambie "ile sio kweli", anajua sio kweli, na haijamsaidia. Mwombe mama yake simu. Mwambie binti ashike mwenyewe, arekodi kiti, asimamishe kurekodi bila kusogeza mkono, wewe ukitoe kiti, aendelee kurekodi. Akiangalia video kiti kimepotea. Mwache apoteze viti vyote vya nyumba, apoteze kuku, akupoteze wewe. Kisha mwambie yule mtengenezaji aliifanya nyumbani kwao kwa wazazi wake, na vitu vya kuchezea unavyoviona pale kwenye zulia ni vyake mwenyewe vya utotoni. Mtoto akishakaa upande wa anayeshika kamera anapata pa kusimama.

Usiku asindikizwe chooni bila kusemwa na bila kuchekwa na kaka zake. Akiuliza mlango upo, ajibiwe upo, kila siku, mpaka achoke yeye kuuliza. Kama mama yake anataka kumsomea dua amsomee, mtoto kushikwa kichwa na mama yake akasomewa hakujawahi kumdhuru mtu, ila kumzungusha kwa waganga wakamwambie kaingiwa na kitu, hapo nitagombana naye, kwa sababu mtoto atakiamini hicho kitu. Mwezi ukipita bado halali, wampeleke hospitali, waseme wazi kwamba tatizo ni usingizi na hofu, waulizie wa afya ya akili. Wala sio aibu.

Na hilo tundu lizibe kesho asubuhi. Sheria ya filamu nchi hii ni ya mwaka 1976, mjomba wako mwenyewe sijui alikuwa darasa la ngapi, na Bodi ya Filamu inapanga muvi kwa umri wa mtazamaji kwa sababu za namna hii hii. Siku akichungulia mtoto wa mtu mwingine hamtamaliza kwa sukari kilo mbili.

Habari ya Frimasoni usiipigie kelele, ukizunguka mtaani unakataa kila kona ndio watu wanasema mbona anahangaika. Wewe una shahidi mzuri kuliko wote na umegombana naye. Yule mshikaji wako anasema ile muvi ni takataka, kitu cha dari na zulia, mtoto anaweza kurekodi. Sasa mtu akisema hivyo kijiweni kwa sauti, mashetani yako wapi tena? Haiwezi kuwa takataka asubuhi na uchawi jioni, wachague moja. Mwendee, mwambie nilikudhalilisha mbele ya watu na nilikosea, na useme hayo kijiweni palepale ulipomtukania, sio kwa meseji. Usimwombe aipende muvi. Aendelee kuiponda tena kwa nguvu zote, kila akiiponda anakusafisha.

Watu wakishaanza kuogopa pamoja hawasikii hoja, hilo nalijua. Mwaka 1995 Zanzibar watu walilala nje makundi makundi na moto umewashwa kwa kumwogopa Popobawa, mimi nipo Lindi bahari yote ile katikati, na bado nilivuta kitanda mbali na dirisha. (Mjukuu ananiambia hiyo muvi yako nayo imewekwa mwaka 1995. Nilimwambia anyamaze.)

Mjomba usimsubiri ashuke. Panda gari uende Nanyamba wewe, ukiwa umesharudisha hela na umeshaenda kwa jirani, ukae naye chini ya mkorosho umwambie yote kwa mpangilio, hela zilizoingia, zilizorudi, tundu limezibwa. Mjomba kwa Mmakonde unajua mwenyewe ni nani, hasira yake ni kwamba habari za kibanda chake kazisikia mnadani badala ya kuzisikia kwako.

Unaniuliza kama una tatizo kichwani. Nenda pale wanapochonga, angalia vinyago vya shetani, jicho moja, tumbo liko mgongoni, mdomo umeliwa na mkono. Wamakonde ndio wanaochonga vile, na marehemu George Lilanga wa Masasi alivichukua hivyo vishetani akavichora vinacheza ngoma kwa rangi za kung'aa, wageni wakanunua kwa hela nyingi. Dada yangu alizawadiwa kimoja akakitoa nje usiku uleule, akakifunika na ndoo. Mimi ninacho sebuleni, natundikia funguo. Hakuna kati yetu aliyekwenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Lako naona ni lile la chini ya meza. Dada yako hakudanganya, na wewe hukudanganya. Yeye alikuwa na miaka tisa na mdogo wake mwoga mikononi, sasa ulitaka afanye nini zaidi ya kukuchekesha mpaka asubuhi? Mpigie tena. Usimwambie habari ya muvi, muulize tu usiku ule alikuwa anakuchekesha kwa stori gani, na ikiwa alikuwa haogopi au alikuwa anaogopa akaficha. Halafu umsikilize, usimkatize.

Na hao watano wanaokuuliza kwa sauti ya chini wajibu ndiyo. Siku haina mpira, watu wasizidi kumi, mwezi haupo, mama wa ming'oko mnunulieni zote mapema aende akapumzike, mlango uwe na pazia zito na mtoto asionekane hata kivuli chake. Ubaoni chaki nyeupe inatosha, andika hivi, MUVI YA GIZA. HAINA DJ, HAINA MAPIGANO, KUTA NI NYINGI. IKIKUSHINDA ROBO SAA YA KWANZA CHUKUA JERO YAKO. Yule wa bodaboda mwambie akitaka kuja aje na mkewe.

Ukishapanga siku niandikie mapema, nipande gari la asubuhi nifikie kwa shoga yangu Mikindani. Nataka nione mwisho wake, maana mimi niliizima. Kiti changu kiwe karibu na mlango.

Somo